Barua ya Wazi kwa Watabiri: Mvua Yetu Hunyesha Nyeri

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga,
Dagoretti Corner, Nairobi.

KUH: UNYEVU USIOTOKA ANGANI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu kutoka Garissa, ambako taarifa zako husomwa kwa hamu kama habari za nchi za mbali. Kwa hisani yako tunajua kwamba mwezi Julai Nairobi huamkia mawingu na manyunyu, kwamba Limuru ina ukungu, kwamba ngurumo za magharibi hungoja alasiri, na kwamba Kaskazini Mashariki kutakuwa na jua. Kuhusu jua hujawahi kutukosea. Mji unaopata milimita mia tatu na kitu za mvua kwa mwaka mzima ni mteja asiye na usumbufu: ukiutabiria ukavu kila asubuhi, utapatia mara nyingi kuliko mganga yeyote wa nyota. Tatizo ni kwamba wewe unaikagua anga ya Garissa, ilhali maji yanayotuzamisha hayapiti huko.

Mto Tana huanzia Aberdare na Mlima Kenya. Ikinyesha Nyeri na Murang'a, maji hukusanyika Masinga, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na mabwawa hayo yakishiba hutapika. Siku kadhaa baadaye mafuriko hubisha hodi kwenye daraja la Garissa, pengine katika mchana wa jua kali ambao taarifa yako iliutabiri barabara. Aprili 2024 maji yaliimeza barabara kati ya Madogo na mji wetu, na mwishoni mwa mwezi huo mashua iliyokuwa ikivusha abiria waliokosa njia ilipinduka, watu wakafa. Mandera nao huletewa mafuriko na Mto Daua kutoka milima ya Ethiopia, na Ewaso Nyiro hushuka kutoka nyanda za juu hadi kinamasi cha Lorian bila kuuliza Wajir kulinyesha au la. Unyevu wetu, kama mchele wetu, huagizwa kutoka nje. Tofauti ni kwamba mchele hukaguliwa ukiingia.

Utaniambia mito ni kazi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji na mabwawa ni ya kampuni ya umeme ya KenGen, ambao hutoa tahadhari Masinga inapofurika. Ni kweli, na mgawanyo huo wa kazi unapendeza sana kwenye karatasi: mvua ikiwa hewani ni yako, ikigusa ardhi ni ya jirani yako, ikiingia kwenye mtambo wa umeme ni ya mwingine, na ikiingia sebuleni ni ya mwenye nyumba. Utasema pia kwamba una mkurugenzi katika kila kaunti, anayetoa utabiri wa kaunti yake. Hilo nalo ni kweli, ila Tana ndio mpaka. Madogo iko Kaunti ya Tana River, mji wa Garissa uko ng'ambo ya daraja, kwa hiyo utabiri wa kaunti huupasua mto katikati na kutuachia ukingo mmoja wa mafuriko.

Pingamizi nzito zaidi ni kwamba utabiri ni uwezekano, si ahadi. Nakubali, na hapa lazima nikutetee. Mwaka 2023 ulitangaza mvua za vuli zilizozidi wastani. Oktoba, Rais William Ruto akawatuliza Wakenya kwamba El Niño iliyohofiwa haitakuja. Novemba, Garissa na Mandera zikawa chini ya maji. Anga haikupata nakala ya hotuba. Lakini hata ulipopatia, ulitupimia kwa wastani, na wastani huku ni mnyama asiyewahi kuonekana malishoni. Chukua misimu mitano mfululizo ya ukame ya kuanzia 2020 hadi 2022, iongeze kwenye mafuriko ya 1997 na 2023, gawanya, utapata mvua nzuri kabisa ambayo hakuna ng'ombe aliyeinywea. Mfugaji anayesubiri misimu ya mvua ya Gu au Deyr anataka kujua laga (mkondo wa msimu) ipi itapitika na wiki ipi ahame kingo za mto. Juu ya swali hilo la pili una bahati ambayo watabiri wengi duniani wangeilipia: maji yakishatoka Kiambere, hayana tena uwezekano wa kutofika.

Kisha kuna unyevu wa baada ya msimu. Utabiri wa vuli hufunga hesabu Desemba 31, lakini madimbwi hayana kalenda. Homa ya Bonde la Ufa iliyozuka hapa Garissa Desemba 2006 iliendelea baada ya msimu kufungwa, ikibebwa na mbu waliozaliwa katika maji yaliyotuama, kama ilivyotokea pia baada ya mvua za 1997. Mifugo ilikufa, na watu pia, anga ikiwa safi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba jambo dogo: chini ya neno "Garissa" katika taarifa yako ya kila wiki, andika imenyesha kiasi gani Nyeri, Masinga imejaa kiasi gani, na maji yatafika darajani siku gani. Ukibanwa na nafasi, futa ile sehemu ya jua. Hiyo tutaikadiria wenyewe.

Wako mtiifu,
Mkazi wa ukingo wa mashariki wa Tana