Muulize Shangazi: Mhuri ni wa Mke Wangu

Barua za wiki hii hazikutoka mbali: Kariakoo, Kivukoni, Kigamboni. Kila aliyeandika ni mtu mwema, ila kuna mtu mwingine aliyemponza.

*Shikamoo Shangazi. Nina duka la vitambaa Mtaa wa Kongo. Naswali swala tano na sijampunja mtu hata inchi. Mteja wa jumla akija namuuliza: ya risiti au bila risiti? Akitaka bila, namshushia bei. Akitaka risiti, wakati mwingine naandika laki tatu kwa mzigo wa milioni na laki mbili. Mke wangu anasema ni wizi. Mimi nasema ndiyo biashara, majirani wote wanafanya hivyo. Nani yuko sahihi? — Mwaminifu, Kariakoo*

Marahaba mwanangu. Mkeo yuko sahihi, lakini jibu hilo ulikuwa nalo nyumbani bure, usingehangaika kuniandikia. Nikupe ulilolifuata.

Kwanza, achana na hoja ya majirani, hiyo ni ya mtoto wa darasa la pili. Sema Mamlaka ya Mapato, TRA, wanawaonea. Hiyo ina nguvu kwa sababu ina ukweli ndani yake. Mei 2023 mlifunga maduka, mkalalamikia kamatakamata ya kikosi kazi na usajili wa stoo, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Malalamiko yalikuwa na mashiko, nami nilikuwa upande wenu. Na utamu wa kuonewa kweli ni kwamba hakuna tarehe ya mwisho: ulionewa mwaka ule, na mpaka leo unajilipa fidia kwenye kila risiti.

Kinachokuangusha ni hesabu. Ikiwa hiyo milioni na laki mbili ni bei yenye VAT ndani, basi laki tisa ulizozificha zimebeba kodi ya shilingi 137,000 hivi. Hiyo ni hela ya mteja, wewe umepewa uishike mpaka ifike inakokwenda. Unapomshushia mtu "bila risiti", mnagawana mali ya mtu wa tatu ambaye hayupo dukani, ndiyo maana mnapatana haraka hivyo. Na kwa kuwa sheria inamgusa hata mnunuzi asiyedai risiti, umeshapata mshirika.

Hilo la inchi nalisadiki kabisa. Kitambaa unakipima kwa haki kwa sababu mwenyewe amesimama mbele ya kaunta, macho kwenye futi. Mwenye kodi humwoni. Unamkumbuka siku mvua imejaa Jangwani na barabara imefungwa, hapo unauliza kwa sauti serikali iko wapi.

*Shangazi, mimi ni mtumishi wa umma, dirisha la ofisi yangu linatazama bahari. Tenda ndogondogo za idara yetu huwa zinakwenda kwa kampuni ya mke wangu. Jina ni lake, saini ni yake. Mimi hata rangi ya mhuri wao siijui. Dhamiri yangu ni safi, ila usiku moyo unanienda mbio. Inaweza kuwa presha? — Mtumishi, Kivukoni*

Kapime, presha si ya kupuuza. Ukikutwa mzima, rudi tuzungumze Azimio la Arusha.

Mwaka 1967 lilimkataza kiongozi hisa, ukurugenzi kwenye makampuni ya kibepari, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Walioliandika waliwajua wenzao. Wakaweka mabano, na ndani yake wakaeleza kwamba kiongozi maana yake ni mtu na mkewe, au mtu na mumewe. Nayapenda sana mabano yale. Wino haujakauka, tayari walishajua mali itahamia chumba gani.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa Zanzibar na masharti hayo yakalegezwa. Sharti likivunjwa na mmoja, yeye ndiye mwenye kosa. Likiwachosha wengi wenye vyeo, linaambiwa limepitwa na wakati. Hata hivyo mabano hayakufa: sheria ya maadili ya viongozi ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi ataje na mali za mwenzi wake. Kama cheo chako hakijafika kwenye fomu ile, sheria ya manunuzi bado inakutaka utangaze mgongano wa maslahi. Kwa hiyo mke hafai tena. Mama mkwe yuko wazi, ila siku mkigombana, kampuni itaondoka pamoja na mkeo.

Mhuri ni wa bluu, baba. Wewe ndiye uliyekwenda kuuchongesha.

*Shangazi, nikichelewa kazini nampa kijana buku mbili aniingizie gari mbele ya foleni ya pantoni. Ni rushwa? — Mkazi wa Kigamboni*

Inategemea uko wapi. Ukiwa mbele ni huduma, ukiwa nyuma ni rushwa. Siku ukipitwa wewe, niandikie tena.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mjumbe. Kwenye kura za maoni mgombea mmoja alinipa kitenge, mwingine bahasha. Nimeapa simpi kura anayehonga. Nikiwaacha wote wawili, si nitakuwa nimewadhulumu? — Mjumbe Mcha Mungu*

Marahaba. Mwaka 2000 Bunge lilibadili sheria ya uchaguzi, mgombea akaruhusiwa kutoa takrima kwa nia njema, eti ni ukarimu wa jadi. Watu wakakirimiwa uchaguzi wa mwaka huo na wa 2005. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu, hapohapo Kivukoni, ikavitupa vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba. Mgombea asiye na kitu angekirimu nini?

Kuhusu dhuluma, tulia. Mwaka 2020, baada ya kura za maoni, ulivuma msemo kwamba wajumbe si watu wazuri. Sijamsikia hata mmoja wa waliousema kwa uchungu akieleza alikuwa anawadai nini.

Bahasha irudishe. Kitenge nacho, kama fundi hajakikata. Halafu niandikie jina la yule mgombea wa tatu, ambaye hukumtaja kwa sababu hakukuletea kitu.