Idhini ya Binti Kanga

Mvua za vuli zilipokosa kunyesha, Mzee Kanga alitazama ghala lake, kisha akamtazama binti yake aliyekuwa kidato cha pili, akagundua kuwa amekua. Asubuhi alikuwa bado mtoto. Jioni Bwana Korongo alileta posa na magunia matatu ya mtama, na hapo akawa mwali.

Waliohoji walijibiwa na Shangazi Kunguru. "Mnangoja atutie aibu? Arudi na mimba kutoka huko shuleni?" Korongo alikuwa na wajukuu waliolingana na bibi harusi, lakini mjini kwao hiyo haikuwa aibu. Huo ulikuwa uwezo.

"Mimi ni walii mujbir, baba mwenye haki ya kumwoza bintiye bikira bila ridhaa yake," alisema Mzee Kanga barazani. "Kumuuliza ni hisani yangu tu." Wanachuoni wa Kishafi walioandika kuhusu haki hiyo waliiwekea masharti, ila masharti hayakuwahi kuvuka mto kufika mji ule. Hata hivyo wazee walitaka mambo yaende kidini, na imepokewa kwamba idhini ya bikira ni kunyamaza kwake. Basi Shangazi akaingia chumbani na konzi ya mtama, akamshindilia binti mdomoni hadi koo likafura, akatoka akipangusa mabawa.

"Nimemuuliza. Kanyamaza."

Vigelegele!

Chiriku, ambaye hajui kufunga mdomo, akauliza habari za serikali. Bundi, karani wa mji, akafungua jalada: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamruhusu msichana kuolewa na miaka 15, mzazi akiridhia.

"Mbona Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu ya Mahakama Kuu kwamba kifungu hicho kinavunja Katiba na kirekebishwe ndani ya mwaka mmoja?"

"Mwaka ulipita," alijibu Bundi. "Mimi mchana huwa nalala."

Mtama uliisha kabla ya Ramadhani. Binti alishika mimba, yai likakwama siku tatu, na Korongo hakuona haja ya kuhangaika na hospitali ya mbali. Binti akarudi kwa baba yake bila mtoto, akivuja mkojo, talaka ikiwa imemtangulia. Waganga wa hospitali waliita fistula, ugonjwa unaotokana na uchungu uliopitiliza, na ambao kwa kawaida hutibika kwa upasuaji. Shangazi aliita kudura ya Mungu, akahamishia mkeka wake upande wa pili wa ua kwa sababu ya harufu.

Ijumaa iliyofuata Chiriku alibeba kitabu barazani. Katika Sunan ya Abu Dawud, Ibn Abbas amesimulia kuwa bikira mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akashtaki kwamba baba yake amemwoza bila ridhaa yake, Mtume akampa hiari. Wazee walisikiliza kwa heshima, wakasema watalitazama suala hilo baada ya mavuno.

Wewe usiwangoje. Kama kuna posa kwako, muulize binti mwenyewe, mdomo wake ukiwa mtupu. Akikataa, mrudishie mtu mtama wake.