Namna ya Kula Ukitoka Makumbusho ya Mkunazini

Kwanza kabisa, usiende na tumbo lililojaa. Mtu aliyekwisha kupiga maandazi na chai ya maziwa haangalii maonesho, anatafuta pa kukaa. Pita barazani, kunywa kahawa chungu kwa kile kikombe kidogo, kisha ingia Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Kristo. Hapo ndipo palipokuwa soko la watumwa la Unguja hadi lilipofungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, akaanza kulijenga kanisa. Maonesho ya historia ya biashara ya utumwa yalifunguliwa hapo mwaka 2016. Soma mabango yote, hata yale marefu. Ukifika kwenye shimo lenye sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998, watu wa zege waliofungwa minyororo ya kweli shingoni, simu itie mfukoni. Hapo si mahali pa kuchekea kamera.

Njaa ikikushika humo ndani, ivumilie. Makumbusho yakiwa na mkahawa, agiza maji, kaa kivulini, nyamaza kidogo. Sandwichi ya jibini waachie wanaokimbilia boti. Chakula cha ziara hii kiko Darajani, mwendo wa dakika chache kwa miguu, na mimi nakwambia kwa moyo wangu wote kwamba ziara haijaisha mpaka umekila.

Soko la Darajani lilifunguliwa mwaka 1904. Ukifika usiulize bei kabla ya salamu. Toa salamu, uitikiwe, uulizwe umetokea wapi, ndipo uagize urojo. Halafu mwangalie muuzaji mikono. Anakatakata bajia kwa kijiko, anatia viazi na kachori, anachomoa nyama kwenye kijiti cha mshikaki, anamimina rojo la manjano lenye ukali wa embe mbichi, juu yake anamwaga chipsi nyembamba za muhogo, kisha chatne ya nazi. Hapo kijiko kitasimama hewani na utaulizwa, “Nikutilie pilipili?” Jibu ukweli. Kula upesi, chipsi zisije zikalainika, lakini kula ukijua unachokula: bajia na kachori zimekuja na watu wa Bara Hindi, muhogo na pilipili asili yake Amerika, vikaletwa pwani yetu na merikebu za Wareno. Mambo hayo yanastahili kabati la kioo, na wewe unayapata ndani ya bakuli moja, ya moto.

Baada ya urojo, pilau. Usiseme umeshiba.

Pilau ndilo ninalotaka ulile taratibu, kwa sababu ndilo linalokurudisha Mkunazini. Ndani yake mna karafuu, na mikarafuu haikuwa ya kwetu. Ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia Mauritius na Réunion, na Sultani Sayyid Said, aliyehamishia makao yake hapa kutoka Muscat, akawahimiza wenye mashamba waipande kwa wingi. Nani aliyefyeka msitu, nani aliyepanda mtini kuchuma, nani aliyeanika karafuu juani? Wengi wao walikuwa watu walioletwa kutoka bara, wakapita kwenye biashara ileile uliyoisomea mabango asubuhi. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, na kilimo kikashika mizizi zaidi huko. Mwaka uliofuata biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikapigwa marufuku. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar mpaka 1897. Kati ya miaka hiyo karafuu iliendelea kuchumwa na watu wasio huru.

Kwa hiyo ukiing'ata karafuu nzima katikati ya wali, usiiteme kwa hasira kama mtu aliyekuta jiwe. Itoe, iweke ukingoni mwa sahani. Ukiwa na mtoto, mwoneshe, mweleze ilivyofika hapo na nani aliibeba. Mtoto atasahau tarehe za bangoni. Harufu ile ataikuta tena kila harusi na kila Idi, na habari aliyosimuliwa nayo itamrudia.

Mwezi wa Ramadhani mwongozo unageuka. Mchana tembelea makumbusho tu, usile wala kunywa hadharani. Ngoja adhana ya magharibi, futuru utakapokaribishwa, maana utakaribishwa, na usikatae tambi wala uji wa pilipili manga.

Nanyi wasimamizi wa mikahawa ya makumbusho, Mkunazini, Ngome Kongwe na popote palipo na kiti na meza, neno langu kwenu ni hili. Mnao wapishi wa visiwa hivi. Mnao wazee wa Donge na wa Wete waliochuma karafuu tangu utotoni. Pikeni pilau, na siku moja katika wiki mwiteni mmoja wa wazee hao akae mezani na wageni, alipwe kama anavyolipwa mtembeza wageni, aeleze karafuu inavyochumwa, inavyochambuliwa na inavyoanikwa jamvini. Wageni wakimaliza kumsikiliza, pakueni.