Jiko Lisilo na Masizi
Anayenunua jiko banifu la mtumba pale Mbarara hukagua kwanza udongo wa ndani kama una ufa. Busara hiyo, ila jiko likitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale bila hata chembe ya masizi, hilo ndilo la kutiliwa shaka. Waheshimiwa watasema mkimbizi hana shukrani, anauza msaada. Huenda. Lakini mwaka 2023 Mpango wa Chakula Duniani ulipunguza mgao wa wakimbizi wengi nchini Uganda, na fundi wa jiko la kuivisha sufuria tupu hajazaliwa bado. Watajibu kwamba linaokoa kuni. Naam, tena lisipowashwa huokoa kuni zote. Mradi wa majiko umepita lengo, wafadhili wapigiwe makofi.