Springi Moja, Kikundi Kizima: Namna ya Kupata Alama Bila Kutoka Jasho

Ndugu yangu mwanafunzi wa fizikia, uwe Kitengela, Isinya au Kajiado mjini, leo ni zamu ya mawimbi. Mwalimu ameleta slinki, ile springi ndefu ya chuma, na kikundi chenu kina watu wengi kuliko vifaa. Usinung'unike. Hiyo ndiyo nafasi yako.

Kwanza, wahi ncha isiyotikiswa. Anayetikisa atalaumiwa kwa kila kitu. Wewe ni kushika tu na kukunja uso kisomi. Lakini shika kwelikweli. Ncha ikikazwa, wimbi hurudi limepinduka: lililokuja na nundu kulia linaondoka na nundu kushoto. Ukisinzia mkono ukalegea, litarudi ovyo, na mwalimu atajua ni nani aliyelala.

Pili, chomoa uzi mwekundu kwenye shuka la mtu, uufunge katikati ya springi. Ni wa bure, na unanukia utafiti. Wimbi likipita, uzi unaruka kando kisha unatulia palepale. Andika: nishati imesafiri, chuma kimebaki. Alama imeingia na hujapima kitu.

Tatu, mwalimu akikaribia daftari likiwa jeupe, muulize historia. Mwambie umesikia habari za Richard James, mhandisi Mmarekani aliyekuwa akiunda springi za kutuliza vifaa vya meli mwaka 1943, moja ikaanguka na kuanza kutembea. Mwaka 1945 duka moja la Philadelphia liliuza slinki 400 kwa takriban dakika 90. Walimu wa fizikia wana udhaifu mmoja: hawawezi kuliacha swali lisilo kwenye mtihani.

Nne, wimbi la kusukuma mbele na nyuma. Usihangaike nalo. Taja treni ya magadi inayopita Kajiado: dereva akifunga breki, mgongano unakimbia behewa hadi behewa mpaka mkiani, ilhali kila behewa limesogea kidogo tu. Mwalimu ataona unaifikiria fizikia hata nje ya darasa. Mwache aamini hivyo.

Tano, kupika data. Hapa ndipo wengi huungua, kwa sababu wanapika kwa akili ya kawaida. Tuseme mnapima muda wa wimbi kufika ng'ambo, na springi imevutwa kutoka mita 2 hadi mita 4. Njia imeongezeka maradufu, basi na muda uongezeke maradufu. Mpishi anaandika sekunde 0.5, kisha 1.0, anachora mstari ulionyooka, anatabasamu. Amekwisha! Slinki haina adabu hiyo. Ukiivuta zaidi inakazika, na kila mita yake inabaki na chuma kidogo. Mwendo unapanda karibu sawa na urefu, kwa hiyo wimbi linafika ng'ambo kwa muda uleule, au karibu nao. Basi pika namba majirani: 0.46, 0.51, 0.48. Zisifanane kabisa, kidole cha binadamu kwenye stopuochi hakijawahi kuwa sahihi kiasi hicho.

Kutikisa haraka nako kuna mtego wake. Wimbi halikimbii zaidi, linafupika tu. Frikwensi mara mbili, urefu wa wimbi nusu, mwendo uleule. Kama mwakenya, kile kikaratasi cha kuibia mtihani, uliouziwa na mtu wa kidato cha nne unasema kinyume, kadai pesa zako.

Mwisho, ikitokea mwalimu anataka kuyaona hayo yote kwa macho yake, na kengele bado, achia ncha yako. Springi itarukiana na kujifunga fundo lisiloelezeka. Sema "Pole, mwalimu" kwa sauti ya msiba. Fundi wa maabara ataitwa, ataketi sakafuni akiifungua pete kwa pete, na kengele ikilia atakuwa hajafika hata nusu. Wewe kusanya madaftari ya kikundi uyapeleke ofisini, lako likiwa juu.