Njooni Kitengela Mfunzwe: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Sheria wa Denmark

Bwana Waziri,

KUH: ZIARA YA MAFUNZO, KAUNTI YA KAJIADO

Salamu kutoka Kitengela, tunakokula nyama choma na vumbi la Barabara ya Namanga kwa pamoja.

Tumewaonea huruma. Tarehe 21 Julai 2024 polisi wenu walimkamata Paul Watson, adui wa wavuvi wa nyangumi, meli yake ilipotia nanga Nuuk, Greenland. Japani ilimtaka kwa kisa cha mwaka 2010 huko Antaktika, akidaiwa kuhusika katika kurushia meli yao chupa ya uvundo. Nanyi mkaanza: mawakili, mahakama, barua kwenda Tokyo, barua kurudi. Rais Macron wa Ufaransa akamtetea hadharani. Siku 149 zikaisha, mkakataa kumtoa, mkamfungulia. Na muda wote huo mkewe alijua yuko jela gani! Hiyo ni serikali au ni posta?

Sisi tulishatoka huko. Siku mbili tu baada ya Watson kukamatwa, wafuasi 36 wa chama cha FDC cha Uganda walishikwa Kisumu, wakavushwa mpaka, wakashtakiwa kwao. Novemba akaja Nairobi Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, kwa uzinduzi wa kitabu cha mwanasiasa wetu Martha Karua. Tarehe 16 akatoweka. Tarehe 20 akaibukia mahakama ya kijeshi, Makindye. Siku nne, Bwana Waziri. Sheria za kumkabidhi mshukiwa kwa nchi nyingine tunazo, Sura ya 76 na ya 77, zinazotaka hakimu na zinazokataza kumtoa mtu kwa kosa la kisiasa. Tumezitunza sana. Hazijakunjwa hata ukurasa.

Wahitimu wetu wako hapa hapa mtaani. Tarehe 19 Agosti 2024 ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walibebwa pamoja na mwanaharakati Bob Njagi kwa sababu ya maandamano dhidi ya serikali. Siku 32. Jaji Lawrence Mugambi akamwita aliyekuwa kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, aje aseme waliko. Hakuja. Akaitwa tena, hakuja, hadi akahukumiwa miezi sita jela. Aliyepokonywa walinzi baada ya hapo ni jaji.

Njagi kozi hiyo ameifanya mara mbili. Tarehe 1 Oktoba 2025 yeye na Nicholas Oyoo walitekwa Uganda, walikokwenda kumuunga mkono mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine. Vyombo vya usalama vikaapa haviwajui. Siku ya 38 wakaachiliwa, na Rais Museveni akaeleza kwenye runinga kwamba walikuwa wamewekwa kwenye friji. Friji! Nyinyi na barafu yote ile ya Greenland hamkuliwaza hilo. Akaongeza kwamba viongozi fulani wa Kenya walikuwa wamempigia simu. Hilo nalo mlisome vizuri: Macron alimtetea mtu wake mchana kweupe, wetu hunong'ona simuni, ndiyo maana mpaka leo mama mboga wa hapa hajui amshukuru nani.

Karibuni basi. Malazi yapo, na usafiri mtapewa bila hata kuomba. Kila mjumbe aje na picha yake ya rangi, iliyo wazi, ya karibuni. Familia itaihitaji kwa mabango.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Kitengela

Nakala: Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi (kwa simu)