Taa za Mjukuu, King'amuzi cha Bibi

Mama yangu halali penye mwanga. Alipohama Pangani kuja kukaa kwetu Tanga mjini tulimpa chumba kinachotazamana na sebule, na sebuleni ndiko iliko kompyuta ya kijana wangu. Ubavu wake mmoja ni kioo, na ndani mna taa kila mahali: kwenye feni, kwenye vijiti vya memori, hata kwenye bodi. Kila taa ina nyekundu, kijani na buluu, na kila rangi ina ngazi 256, kwa hiyo taa moja inaweza kutoa rangi 16,777,216. Mama alisikiliza hesabu hiyo yote, kisha akauliza kama mle ndani hamna giza.

Lililomkera zaidi ni kwamba ukiizima kompyuta, taa hubaki zinawaka. Pawasaplai huendelea kupeleka volti 5 kwenye bodi ili mashine iweze kuamka ukibonyeza swichi yake, na bodi nyingi huzilisha taa kwa umeme huohuo. Katika mipangilio ya BIOS, bodi nyingi zina kipengele kiitwacho ErP. Ukikiwasha, umeme huo hukatika. Kijana hakuwa anakijua, na Mama akajitafutia dawa yake: kila akienda kulala anapitia sebuleni, anazima swichi ya ekstensheni. "Nishawalaza," husema.

Kijana naye alikuwa na vita vyake. Feni zilitoka kampuni moja, memori nyingine, bodi nyingine, na kila kampuni ina programu yake ya taa. Zote hujiwasha kompyuta inapowaka na kunyang'anyana taa zilezile. Akipanga buluu iliyotulia, baada ya muda upinde wa mvua unarudi.

King'amuzi kilikuwa mali ya Mama. Alitoka nacho Pangani pamoja na dishi la futi sita, na si cha kulipia kwa mwezi, kinashika chaneli za bure. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku haimpiti. Kilipoanza kuganda, kisha kujizima na kujiwasha katikati ya habari, muuza vifaa alituambia tukipandishie programu mpya. Kijana akaipata, akahakikisha ni ya modeli yetu na ya chipu yetu, kwa sababu faili la modeli nyingine linaweza kukiua kabisa.

Kifaa ni cha zamani. Hakikubali kusasishwa kwa fleshi, kina tundu la RS232 la pini tisa tu. Waya wake lazima uvuke: pini ya 2 ya upande mmoja iende kwenye ya 3 ya upande wa pili, na ya 3 iende kwenye ya 2, ili anapotuma huyu apokee yule. Ya 5 huenda kwa ya 5. Kompyuta nyingi za sasa hazina tundu hilo, hivyo ikabidi tununue adapta ya USB. Mwendo ni biti 115,200 kwa sekunde. Faili la megabaiti 4 huchukua kama dakika sita kusafiri, na la megabaiti 8 kama kumi na mbili. Siku hizi dakika hizo huonekana nyingi sana.

Kijana akabonyeza, akaona asilimia zinapanda, akaenda kuswali isha. Skrini ikajizima yenyewe, kama zinavyofanya skrini zisipoguswa. Mama akatoka chumbani. Aliyoyaona ni kioo cheusi, kiti kitupu, na taa zinazunguka ukuta mzima. King'amuzi na kompyuta vilikuwa kwenye ekstensheni moja. Akavilaza.

Programu ya king'amuzi huandikwa kwenye memori ya kudumu, na kabla ya kuandika mpya, kifaa hufuta ile ya zamani. Umeme ukikatika katikati, ya zamani haipo na mpya haijakamilika. Kijana aliporudi akakiwasha: taa nyekundu tu, skrini haina hata nembo.

"Bibi amekiua!" akapaza sauti.

"Mie nimezima taa zako," Mama akamjibu. "Hicho changu kilikuwa kimelala."

Nilisimama upande wa Mama na hadi leo nimesimama hapo. Mashine isiyokuwa na hatari yoyote ilikuwa inapiga kelele za rangi sebule nzima, na ile iliyokuwa inafanyiwa upasuaji haikuonyesha dalili yoyote ambayo mtu anayepita angeiona. Hakuna aliyemwambia Mama kitu. Anayeishi na vifaa hivi bila kuvielewa ana haki ya kupewa taarifa.

Fundi wa kwanza alikipindua mara moja, akasema bodi imekufa, tununue kingine. Wa pili, mzee asiye na haraka, aliuliza faili lililotumwa lilikuwa na sehemu ya kuwashia kifaa, au programu kuu peke yake. Ilikuwa programu kuu peke yake. "Basi kipo hai," akasema. Alimwagiza kijana aanze upande wa kompyuta kwanza, achague faili, abonyeze kuanza, ndipo awashe king'amuzi kwa swichi ya nyuma. Kile kipande cha kuwashia, ambacho hakikuguswa, husikiliza waya kwa muda mfupi sana kinapopata umeme. Ukikiwahi hapo, kinapokea. Kilipokea. Safari hii kijana alikaa kitini mpaka mwisho, na Mama akakaa naye.

Baadaye kijana aliondoa programu zote tatu za taa za kampuni, akaweka OpenRGB, ambayo ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na huzishika taa za kampuni nyingi kwa pamoja, kwenye Windows na Linux. Inataka uangalifu: hufika kwenye taa za memori kupitia njia ndogo ambayo bodi huitumia kwa mambo mengine pia, kwa hiyo anayeitumia asome kwanza kama vifaa vyake vinatambuliwa. Faida yake kwetu ni kwamba hukubali amri za maandishi. Kijana aliandika amri fupi: wakati wowote kuna kitu kinaandikwa, taa zote zinakuwa nyekundu zilizotulia, na kazi ikiisha zinazima. Mama alifundishwa rangi hiyo moja, na ErP imewashwa.

Watengenezaji wa ving'amuzi wanaweza kutufanyia hivyo bila gharama kubwa: taa ya mbele iwake kwa namna yake wakati wa kusasisha, na karatasi ya Kiswahili ndani ya boksi ieleze maana yake. Nawe ukitaka kupandisha programu nyumbani kwako, weka kifaa kwenye soketi yake peke yake, na umwambie kila mtu aliyemo ndani kabla hujabonyeza.